Fildi ya maendeleo ya jamii: ya kujua kabla barua yako haijapigwa muhuri

Vyuo vyote vinavyofundisha maendeleo ya jamii na kazi za vijana vina utani mmoja: eti hii ni kozi ya waliokosa sheria na uhasibu, kozi ya maneno, unaimaliza bila jasho. Utani huo hupungua somo la takwimu likianza kugawa sapu, yaani mitihani ya marudio. Hufa kabisa wakati wa fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, mwanafunzi anapokaa mbele ya wanakikundi ishirini waliomwachia daftari lao la hesabu wakisubiri awaambie pesa zimepotelea wapi. Nadharia ya Maslow ya mahitaji ya binadamu haimsaidii hapo.

Makala hii ni ya anayesoma shahada hiyo Tanzania Bara, au anayeifikiria. Nitakaa zaidi kwenye fildi, kwa sababu ndiko shahada hii inakoonyesha imekufundisha nini, na ndiko wengi wanakopoteza wiki nane au zaidi wakipanga mafaili ofisini.

Kuhusu kujiunga nitapita haraka. Aliyetoka kidato cha sita anahitaji angalau principal mbili zenye jumla ya pointi nne, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Mwenye stashahada anaingia kwa GPA isiyopungua 3.0. Chuo kinaweza kuongeza masharti yake, kwa hiyo soma mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) wa mwaka unaoomba, usiutegemee wa kaka yako. Taasisi ya Ustawi wa Jamii iko Kijitonyama, Dar es Salaam. Taasisi ya Maendeleo ya Jamii iko Tengeru, Arusha. Wanaoanzia ngazi ya cheti na stashahada wana vyuo vya maendeleo ya jamii kama Buhare, Rungemba, Monduli na Mlale. Usivichanganye na vyuo vya maendeleo ya wananchi, ambavyo vilianzishwa miaka ya 1970 kwa kufuata mfano wa Sweden na hufundisha stadi kama ushonaji, useremala na kilimo. Kila mwaka kuna wanaoomba chuo kimoja wakidhani ni kingine.

Darasani utakuta waliotoka kidato cha sita na waliopitia stashahada. Ukiwa wa kundi la kwanza, tafuta mwenzio wa kundi la pili mfanye asaimenti pamoja. Yeye ameshakaa kijijini na anajua mkutano wa saa tatu huanza saa ngapi.

Barua na wiki ya kwanza

Barua ya chuo huandikwa kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, si kwa mtendaji wa kata unayemfahamu. Inapokelewa masijala, inakwenda kwa mkuu wa idara ya maendeleo ya jamii, kisha idara inakuandikia nyingine ya kwenda kwa mtendaji wa kata. Kata inakutambulisha kwa mtendaji wa kijiji au wa mtaa, naye anakupeleka kwa mwenyekiti. Kila ngazi hakikisha unabaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Anayeruka ngazi moja hufika salama na kukaribishwa vizuri, halafu wiki ya tatu, anapoanza kuuliza habari za michango, mtu anauliza: "Huyu katumwa na nani?" Hapo kazi husimama. Ukirudi baadaye kwa ajili ya utafiti wa mwaka wa mwisho, usidhani barua ya fildi itatosha. Utafiti una kibali chake, na kwa kawaida hupitia kwa Katibu Tawala wa Mkoa na wa Wilaya kabla haujashuka chini.

Wiki ya kwanza usiitishe kikao chochote. Soma. Ofisi ya kijiji ina daftari la wakazi, mihtasari ya halmashauri ya kijiji na ya mkutano mkuu, na mara nyingi mpango wa O&OD, yaani fursa na vikwazo katika maendeleo, ulioandaliwa zamani ukasahaulika kabatini. Kwa sheria ya 1982 ya serikali za mitaa, halmashauri ya kijiji ina wajumbe 15 hadi 25, na mkutano mkuu huitishwa kila baada ya miezi mitatu, wajumbe wake wakiwa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Hesabu mihtasari. Ukikuta miwili tu kwa mwaka mzima umeshapata kitu cha kuandika. Ukikuta minne yenye mahudhurio yanayolingana mpaka mtu mmoja mmoja, umepata kikubwa zaidi, ila nenda nacho polepole.

Angalia pia majira. Fildi nyingi huwekwa likizo ndefu, Julai hadi Septemba. Sehemu kubwa ya nchi inakuwa imetoka kuvuna: ghala lina mahindi, barabara imekauka, watoto hawana malaria sana, harusi zimejaa. Mwanafunzi anaandika kwamba kijiji hakina upungufu wa chakula na kinapitika. Angefika Februari angeandika ripoti nyingine kabisa. Dawa yake ni kalenda ya msimu. Chora miezi kumi na miwili chini, wape watu mbegu au vijiwe waweke vingi kwenye mwezi wa njaa, mwezi wa maradhi, mwezi wa ada, mwezi wa deni. Kuwa makini na mvua. Dodoma na Singida zina msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Pwani na Kilimanjaro zina vuli na masika. Aliyekulia kwenye misimu miwili akienda Manyoni na kalenda aliyojichorea kichwani, atauliza habari za vuli na kuchekwa.

Vifaa vya ushirikishwaji, na vinavyoharibika

Mbinu za kuwashirikisha wanakijiji katika utafiti hufundishwa kwa jina la Robert Chambers, mtaalamu Mwingereza wa maendeleo vijijini, na ni haki yake. Lakini wanafunzi wengi humaliza shahada bila kusikia kwamba utafiti shirikishi ulichipuka pia hapahapa, Dar es Salaam, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kwamba Marja-Liisa Swantz kutoka Finland alishiriki kuanzisha mradi wa Jipemoyo huko Bagamoyo katika muongo huohuo. Wahadhiri wanaompa Chambers mihadhara mitatu wangeweza kumkatia Jipemoyo nusu saa.

Ramani ya jamii huchorwa ardhini, kwa fimbo, majivu, majani na punje. Karatasi ya ukutani humpa kalamu mtu mmoja, na huyo huwa mwalimu au mtendaji. Watu 8 hadi 12 wanatosha. Wanawake wachore yao na wanaume yao, kisha mzilinganishe. Wanaume huanza na barabara, ofisi na mashamba. Wanawake huanza na maji na zahanati, na huonyesha njia ambazo ramani ya wanaume haina. Mkimaliza nakili palepale na upige picha, maana mbuzi hasubiri mchana. Halafu uliza swali ambalo wengi husahau: nyumba zipi hazimo? Za pembezoni, za wapangaji, za wafugaji waliohamia juzi.

Upangaji wa matatizo kwa jozi, yaani kuyalinganisha mawili mawili lipi ni kubwa, ndio unaoharibika zaidi, na sababu ni hesabu tu. Matatizo sita yanatoa ulinganisho 15. Matatizo kumi yanatoa 45. Baada ya ulinganisho wa ishirini watu wamechoka na wanajibu lolote ili waondoke, nawe unapeleka chuoni jedwali zuri lisilo na maana. Punguza mpaka sita kabla hujaanza. Tumia alama, kwa mfano kopo la maji, jembe, kitabu, ili asiyesoma naye ashiriki. Kila jozi uliza "kwa nini hili kuliko lile?" na uandike jibu, kwa sababu majibu hayo yana thamani kuliko alama zenyewe.

Kosa jingine ni suluhisho kuvaa nguo za tatizo. "Tatizo letu ni ukosefu wa kisima." Hapana, hilo ni ombi. Tatizo ni kwamba mama anatumia saa tatu kufuata maji, au kwamba maji yaliyopo yana chumvi, au kwamba bomba lipo na mita imeharibika tangu mwaka jana huku kamati ya maji haiitishi kikao. Kila moja lina dawa yake, na mbili kati ya hizo hazihitaji kisima. Mti wa matatizo unasaidia hapa, ukiuchora kwa uaminifu: shina ni tatizo, mizizi ni sababu, matawi ni matokeo, na kila mzizi unauuliza "kwa nini" mpaka uishiwe jibu. Ukiona neno "ukosefu" kwenye shina, rudi nyuma.

Vijana hawaji kwenye mkutano

Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya 2007 inamtambua kijana kuwa na miaka 15 hadi 35, sawa na Mkataba wa Vijana wa Afrika wa 2006. Umoja wa Mataifa huhesabu 15 hadi 24 katika takwimu zake. Na Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Kwa hiyo binti wa miaka 16 ni kijana kwa sera na mtoto kwa sheria, na sheria ndiyo inayokubana. Ukitaka kuzungumza naye kwa ajili ya ripoti unahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi pamoja na ya kwake mwenyewe. Andika mapema, kwenye ukurasa wa kwanza wa pendekezo lako, ni umri upi unaouzungumzia. Ripoti inayochanganya mwanafunzi wa kidato cha pili na baba wa watoto watatu kwa jina moja la "vijana" haiwezi kupendekeza chochote chenye kichwa na miguu.

Ukiitisha mkutano wa vijana ofisini kwa mtendaji, watakuja watatu, na wawili kati yao ni wajumbe wa kitu fulani. Wafuate waliko. Kijiwe cha bodaboda kinazungumzika saa nne hadi saa sita asubuhi, maana alfajiri na jioni ni muda wa abiria. Hata hapo tegemea mtu kuondoka katikati ya sentensi, kwa hiyo andaa maswali mafupi yanayojitegemea, si mnyororo wa maswali ambapo la nne halieleweki bila la tatu. Wasichana huwakuti kijiweni. Wako saluni, kwa fundi cherehani, kisimani, au nyumbani wanalea. Kikundi cha majadiliano kiwe na watu 6 hadi 10, wasichana peke yao, na ikiwezekana tenga wa miaka 15–19 na wa 20–24. Wadogo hunyamaza wakubwa wakiwepo. Mtu wa kuandika awe mwingine, si wewe unayeongoza.

Kuna jambo moja ambalo kozi nyingi hulifundisha kwa haraka mno. Mtoto anaweza kukuambia anafanyiwa ukatili. Usimwahidi kwamba itabaki siri yenu, kwa sababu hutaweza kutimiza. Msikilize, usimhoji kama polisi, usimrudishie maswali yaleyale mara tatu, na andika maneno yake kama alivyoyasema, bila kuyatafsiri kwa lugha ya darasani. Kisha mpeleke kwa afisa ustawi wa jamii, au dawati la jinsia na watoto la polisi. Namba ya simu ya huduma kwa mtoto ni 116, haina malipo. Mwarifu msimamizi wako siku hiyohiyo. Usiwaarifu majirani, usimkabili mtuhumiwa, na jina la mtoto lisiingie kwenye logibuku, daftari lako la kazi za kila siku, kwa sababu logibuku hupita mikono mingi.

Vikundi na pesa zao

Kikundi cha kuweka na kukopa, wengine watakiita cha hisa, wengine VICOBA (benki za jamii vijijini), ndicho utakachokutana nacho zaidi, na ndiko utakapopimwa. Idadi ya kawaida ni wanachama 15 hadi 30. Kila kikao mwanachama hununua hisa moja hadi tano, bei ya hisa ikiwa imewekwa na katiba yao. Kasha lina kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu ambao si mtunza kasha. Ukikuta funguo zote tatu kwa mweka hazina "ili tusisumbuane", umeshajua pa kuanzia. Mkopo mara nyingi hauzidi mara tatu ya akiba ya mkopaji. Mzunguko huwa wa mwaka hivi, halafu mgao.

Jifunze hesabu ya mgao mpaka uweze kuifanya mbele ya watu bila kusita. Chukua kikundi cha watu 20, hisa moja shilingi 2,000, kila mmoja akinunua wastani wa hisa tatu kwa wiki. Wiki moja ni 120,000; wiki 52 ni 6,240,000, na hisa zote ni 3,120. Mwisho wa mzunguko, baada ya mikopo yote kurejeshwa na riba na faini kuingia, kasha lina 7,176,000. Gawanya kwa 3,120: kila hisa imekuwa 2,300. Mwenye hisa 156 anachukua 358,800. Mfuko wa jamii, ule wa misiba na ugonjwa, hauingii kwenye hesabu hii, na kuuchanganya ndiko kunakovunja vikundi vingi siku ya mgao. Kikundi kikikuita, linganisha vitu vitatu kabla hujasema neno: kitabu cha mwanachama, daftari la kikundi, na fedha zilizomo kwenye kasha pamoja na mikopo iliyo nje. Viwili vikikubaliana na cha tatu kikakataa, anza na hicho. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, vikundi hivi vimo daraja la nne la watoa huduma hizo na vinatakiwa kusajiliwa kupitia halmashauri, kwa hiyo uliza cheti.

Halmashauri hutenga asilimia kumi ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarejeshwa 2024. Msimamizi wako anaweza kukutuma kuhakiki vikundi vinavyoomba. Vikundi vilivyozaliwa na tangazo la mkopo vinajulikana: mihtasari ya miezi sita imeandikwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, wanachama hawajui bei ya hisa yao, na ukimuuliza kila mmoja peke yake mradi ni upi unapata majibu manne. Usiwaaibishe mbele ya wenzao. Andika ulichokiona na siku uliyokiona, kisha mwachie afisa aamue. Wewe ni mwanafunzi, sahihi si yako.

Logibuku, ripoti na utafiti

Logibuku ijazwe kila siku jioni. Ile iliyojazwa yote wiki ya mwisho mhadhiri huitambua kabla hajakaa: wino mmoja, na kila siku "nilishiriki shughuli mbalimbali za ofisi". Andika nani, wapi, wangapi, kilichoamuliwa, na kilichokwama. "Nilihudhuria kikao cha kamati ya huduma za jamii, wajumbe 7 kati ya 12, akidi ilitimia, suala la choo cha shule liliahirishwa kwa kuwa mhandisi hakufika." Sentensi hiyo moja inampa msimamizi maswali matatu ya kukuuliza, nawe una majibu.

Katika bao la mantiki (logframe), lile jedwali la shughuli za mradi na matokeo yake, usichanganye ulichofanya na kilichobadilika. Vijana 30 kufundishwa kutengeneza sabuni ni zao la shughuli. Vijana 11 kuendelea kuuza sabuni miezi sita baadaye ndiyo mabadiliko. Wanafunzi huandika la kwanza kwenye safu zote mbili, na alama zinakatwa.

Kwenye utafiti, kila mtu hukimbilia fomula ya Yamane ya kupata idadi ya watu wa kuhoji (n) kutoka idadi yote (N) na kiwango cha makosa (e): n = N ÷ (1 + Ne²). Kaya zikiwa 1,200 na kiwango cha makosa 0.05, unapata 300. Ukiweka 0.1, unapata 93. Wengi huweka 0.1 kimyakimya, kisha kwenye utetezi wanaulizwa kwa nini na kubaki kutazama dari. Sema ukweli wa kazi: dodoso moja la dakika 40, ukihesabu na kutembea, ni watu sita kwa siku, watu 300 ni siku 50 za mtu mmoja, watu 93 ni siku 16. Hiyo ni sababu inayokubalika ikiandikwa pamoja na mipaka yake. Na kama utafiti wako ni wa mahojiano ya kina na watu kumi na tano, iache fomula. Haihusiki, na kuiweka kunaonyesha hujui umefanya utafiti wa aina gani.

Kabla hujaondoka kijijini fanya mrejesho, hata kama chuo hakidai. Omba nusu saa kwenye kikao cha halmashauri ya kijiji, onyesha ramani na orodha ya vipaumbele, uwaache wasahihishe. Watakutoa makosa ambayo mhadhiri asingeyaona. Acha nakala ya ramani kwa mtendaji.

Kuhusu ajira, serikalini nafasi hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira kwa jina la Afisa Maendeleo ya Jamii Daraja la II, na usaili huuliza sana sera, miongozo ya mikopo na majukumu ya afisa wa kata, vitu ambavyo aliyekaa fildi sawasawa ameshavigusa kwa mkono. Mashirika huangalia vingine: kukusanya takwimu kwa simu kwa programu ya KoboToolbox, Excel ya kweli na si ya kuandika majina tu, kuandika taarifa ya kurasa mbili inayosomeka. Na matangazo mengi ya maafisa miradi vijijini yana mstari ambao wahitimu huuona wakiwa wamechelewa: leseni ya pikipiki. Ipate ukiwa bado chuoni, likizo ya mwaka wa pili, na ujifunzie barabara ya vumbi.